Jembe, blanketi na koti la babu: jibu kwa binti wa Makambako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Kibena, nimekulia Makambako na sasa nasoma chuo Mbeya. Mwezi uliopita wakwe zangu watarajiwa, Wanyakyusa wa Kyela, walikuja nyumbani kupokea orodha ya mahari. Wazee wetu waliandika: jembe moja, blanketi mbili, koti la babu, ng'ombe wanne (walipwe kwa fedha), na mkaja wa mama. Hapo ndipo pakaanza kuvutana. Babu akasema zamani mambo hayakuwa ya fedha, Mzungu ndiye aliyetuvuruga. Baba mdogo akamjibu kwamba bila Mzungu mpaka leo tungekuwa tunavaa ngozi. Naomba unieleze: tangu Mjerumani aingie huku kwetu, jamii imebadilika nini hasa? Na katika orodha hiyo, kipi ni cha kwetu na kipi kimeletwa? Halafu hilo jembe, wakwe wanataka kulitoa kwa fedha na babu kagoma kabisa.

JIBU: Marahaba binti yangu, na hongera. Kikao cha mahari kisicho na mabishano huwa kinanitia wasiwasi. Ujue upande mmoja haujali.

Orodha yenu nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimefundisha historia Iringa mpaka nikastaafu, na kazi iliyonishinda siku zote ilikuwa kuwashawishi wanafunzi kwamba historia haiishii pale Lugalo kwenye mnara wa vita. Ningekuwa na karatasi kama yenu darasani ningepumzika. Vitu vitano tu, na kila kimoja kimeingia nyumbani kwenu kwa mlango wake na kwa wakati wake. Nitavifuata, ila si kwa mpangilio walioutumia wazee.

Kwanza hilo neno "zamani", maana babu kalishika kama rungu. Ikiwa ana miaka 80 hivi, alizaliwa Vita Kuu ya Pili ikielekea kwisha. Zamani aliyoiona kwa macho yake ni zamani ya Mwingereza: bwana shauri, boma la Njombe, kodi, lori la manamba. Ile ya kabla ya Mjerumani kasimuliwa, na aliyemsimulia naye mengine kayasikia tu. Wala hiyo ya kabla ya Mjerumani haikuwa imetulia kama maji mtungini. Uhehe tunaouimba, dola lenye jeshi na ngome, ulikuwa mchanga: ni Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyezikusanya koo na watemi wadogo wadogo katika miaka ya 1860 na 1870. Wangoni walikuwa wametoka kusini ya mbali, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na walipokutana na Wahehe wakapigana miaka kadhaa bila mmoja kumvunja mwenzake. Utani wa Wangoni na Wahehe tunaochekea misibani umetoka huko; watu waliochoka kuuana walitafuta namna ya kutukanana kwa amani. Wasangu wa Merere nao walisukumwa nje ya Utengule yao. Na Wabena? Wabena walikuwa katikati, wakiombea mvua inyeshe kwa jirani. Kwa hiyo babu akisema turudi kwetu ya mwaka 1880, mkumbushe kwa adabu kwamba kwetu ile mtu alilala na mkuki kichwani.

Baba mdogo naye asichekelee. Vitambaa vya merikani na kaniki vilikuwa vimeshapanda milima hii mabegani mwa wapagazi wa misafara ya pwani kabla Mjerumani hajaweka mguu. Nguo haikumsubiri gavana.

Sasa fedha, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Vita unavijua. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimvizia kamanda wa Kijerumani, Zelewski, pale Lugalo wakammaliza yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi Mlambalasi, asishikwe akiwa hai. Bunduki inasimulika, ndiyo maana kila mtoto wa Iringa anayo hadithi hiyo mdomoni. Lakini mwaka huohuo wa 1898, bila kishindo chochote, serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya kibanda katika koloni lake, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Ukiniambia nichague siku moja ambayo jamii yetu iligeuka, sichagui ya Lugalo wala ya Mlambalasi. Nachagua siku ambayo jumbe alisimama uani kwa babu wa babu yako akaanza kuhesabu mapaa.

Fikiri mtu huyo ana nini. Ana ulezi ghalani, mbuzi, pengine ng'ombe wachache. Rupia hana, na rupia haioti Ubena. Akiwa na wake watatu ana vibanda vitatu, kwa hiyo kodi tatu. Atatoa wapi? Auze ng'ombe, au amtoe kijana aende akafanye kazi ya mshahara kwa Mzungu. Na huo ndio ulikuwa mpango wenyewe. Kodi haikuwa ya kujaza sanduku la serikali peke yake. Ilikuwa ya kumtoa mtu nyumbani. Wabena walionja ubaya wake mapema: mwaka 1905 sehemu kubwa yao waliingia Majimaji wakaishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na adhabu iliyofuata ilikuwa kuchomewa maghala, kisha njaa. Wahehe, miaka saba tu baada ya Mkwawa, hawakuingia. Wasangu walikuwa upande wa boma. Haya huwa hayasemwi sana kwenye sherehe za kitaifa.

Kodi ikazaa manamba. Neno lenyewe limetoka kwenye "namba" aliyopewa kila kibarua wa mkataba. Mwingereza alipochukua nchi baada ya vita ya 1914 hadi 1918, rupia ikaondoka, shilingi ikaingia mwaka 1921, lakini hesabu ya mapaa iliendelea kwa jina la kodi ya kibanda na kichwa. Njombe, kwenu, ikageuzwa ghala la watu. Milima haikupewa zao la maana la kuuza, kwa hiyo vijana ndio waliokuwa zao lenyewe: waliteremshwa kwenda kwenye mkonge wa Kilosa, Morogoro na Tanga, miezi kwa miezi, kwa mkataba wa kidole gumba. Upande wa wakwe zako mambo yalikwenda tofauti kidogo. Dhahabu ya Lupa, Chunya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mbeya unayosomea ilianzishwa mwaka 1927 kwa ajili yake. Mnyakyusa aliweza kuchimba Lupa, au kupeleka mchele Lupa, na akitaka mbali zaidi alikuwa na migodi ya shaba ya Zambia ya leo na ile ya Afrika Kusini, ambako vibarua waliandikishwa na shirika ambalo watu waliliita Wenela.

Hapa ndipo koti na blanketi zinapoingia. Nyumbani kwetu Uhehe, nyuma ya mlango wa babu yangu, palikuwa na msumari, na kwenye msumari pametundikwa koti. Zito, la kijivu, vifungo vinne na viwili kati yake si vya ukoo mmoja. Halikuvaliwa shambani hata kwa baridi ya Juni. Lilivaliwa Jumapili, na siku ya baraza. Sisi watoto tulijua mfuko wake wa ndani una karatasi zilizokunjwa, na hatukuthubutu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba lilitoka Tanga, na kwamba zile karatasi zilikuwa stakabadhi za kodi. Koti na risiti mfuko mmoja. Nimefundisha mada hiyo kwa vipindi vingi, sijawahi kuieleza vizuri kuliko msumari ule ulivyoieleza.

Zamani kijana hakuwa na njia ya kuoa bila mzee. Ng'ombe walikuwa wa baba. Anayetaka mke angoje, atumwe, akaripiwe, mpaka baba aseme sasa. Huko ndiko heshima ya wazee ilikokuwa imefungwa, kwenye kamba ya ng'ombe. Sasa kijana huyu anarudi kutoka Tanga na shilingi zake mfukoni. Anaweza kununua ng'ombe bila kuomba. Anaweza kutoa mahari mwenyewe. Kamba imekatika, na hakuna aliyeikata kwa kisu. Imekatika kwa mshahara. Wazee wakafanya walilofanya wazee popote: wakajiandika kwenye orodha. Kama una fedha ya mbali, basi lete koti la babu, lete blanketi ya bibi, na ng'ombe watapanda bei. Mimi nasoma vitu hivyo viwili hivyo: ni ushuru ambao wazee waliutoza mshahara wa manamba. Kwa hiyo koti ambalo babu yako analitetea kama mila ni mtoto wa mkonge. Usimwambie hivyo siku ya kikao, tafadhali.

Kwa wakwe zako kuna jambo la ajabu zaidi, na ningependa ulijue kabla hujaingia ukoo huo. Wanyakyusa hawakuwa na mtawala mmoja kama Mkwawa. Walikuwa na wamalafyale, yaani machifu, wengi, na vijiji vyao vilipangwa kwa rika badala ya ukoo. Wavulana wa umri mmoja waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua pamoja, wakaoa wakiwa hapohapo. Rika jipya lilipofika wakati wake, watawala walikabidhiana madaraka kwa sherehe kubwa na ardhi ikagawanywa upya. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi Rungwe katika miaka ya 1930 na waliukuta utaratibu huo bado unapumua. Nani aliuua? Si mchungaji wala bwana shauri, ingawa kila mmoja alichangia. Mbuni ndio uliouua. Mtu aliyepanda mibuni yake akaisubiri miaka mitatu, akaona inazaa, hatakubali siku moja aambiwe ahame shamba libaki kwa rika lingine. Migomba unaweza kuiacha kwa uchungu, kahawa hapana. Ardhi ikaanza kurithiwa toka kwa baba kwenda kwa mtoto, na vijiji vya rika vikafa taratibu bila matanga. Ukiona leo ndugu wa Rungwe wanapelekana baraza la ardhi kwa mpaka wa hatua mbili, ujue kesi hiyo ilifunguliwa na mche wa kahawa.

Naomba nirudi kwenye karatasi yenyewe, hiyo iliyoandikwa orodha. Mnaona ni kawaida, mzee mmoja kashika daftari, mwingine anasoma kwa sauti. Wamisheni waliingia huku mwaka 1891: Wamoravian wakaweka kituo Rungwe, na Walutheri wa Berlin wakaanza Unyakyusa kisha wakapanda Ukinga na Ubena, Kidugala, Lupembe, Ilembula. Ndiyo maana mpaka leo Rungwe ni Moravian na Njombe na Makete ni Walutheri kwa wingi. Walikuja na Injili, viazi na karatasi za kuandikia barua. Shule zao zilikuwa chache na za wachache, lakini ndizo zilizotoa makarani, walimu na, baadaye, watu wa TANU. (Kidugala hapo kwenu iliwahi kuwa kambi ya wakimbizi wa Kipoland wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Ifunda pia. Wazee wachache bado wanakumbuka watoto weupe wenye njaa kuliko wao. Hilo nalo lilibadilisha kitu kichwani mwa watu: kumbe Mzungu naye hukimbizwa.)

Na lugha ya kikao. Mbena wa Makambako na Mnyakyusa wa Kyela mmekaa chumba kimoja mkavutana kwa Kiswahili. Wajerumani waliikuta lugha hii kwenye misafara wakaifanya ya ofisi na ya akida. Mwingereza akaiendeleza shuleni. TANU ikaifanya ya uhuru. Hata "mkaja" wa mama yako ni neno la pwani, kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Limepanda milima likaingia kwenye mahari ya Kibena kana kwamba limezaliwa Lupembe, na hakuna mzee hata mmoja aliyelalamika. Babu akidai kila kilichotoka nje kifutwe, mama atakosa chake.

Sasa, mlivutana pia mila ipi ifuatwe, ya Kibena au ya Kinyakyusa. Hapa lazima niseme jambo linaloniudhi. Mababu wa mchumba wako wangeulizwa mwaka 1890 wao ni nani, wengi wasingejibu "Wanyakyusa". Wangekutajia malafyale wao, au wangesema Wakukwe, Waselya, Walugulu. Wajerumani waliwaandika "Konde". Jina Mnyakyusa lilipanuka likawafunika wote wakati wa Mwingereza, gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia watemi na sheria ya mwaka 1926. Utawala huo ulihitaji kabila moja, chifu mmoja, baraza moja, mpaka mmoja. Pasipokuwa na chifu mkubwa, kama Rungwe, walipanga wadogo kwa ngazi. Palipokuwa na jina kubwa walilirudisha: Sapi, mtoto wa Mkwawa, aliwekwa kuwa mtemi wa Wahehe na serikali iliyofuata ile iliyomwinda baba yake. Mwaka 1954 gavana Twining akalileta Kalenga fuvu la Mkwawa, lile lililokuwa limepelekwa Ujerumani, akamkabidhi Adam Sapi, mjukuu. Na huyo Adam Sapi ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge la nchi huru kuanzia 1962, akalikalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20 kwa vipindi viwili. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria, Spika akiwa ni chifu mwenyewe. Mimi sijui nchi nyingine iliyozika uchifu kwa heshima ya namna hiyo.

Sisemi makabila ni uongo. Lugha zilikuwapo, matambiko yalikuwapo, na salamu yetu ya kamwene ni kamwene. Nasema kuta zilinyanyuliwa na boma. Kabla yake watu wa kwenu na wa kwao walikuwa wakioana, wakiuziana, wakiibiana ng'ombe, bila kuuliza fomu inasemaje.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio, nami nitapita mbio. Makambako yenyewe ni mtoto wa siasa za mbali. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, Zambia ikafungiwa njia ya kusini, ikabidi itafute bahari kupitia kwetu. Likaja bomba la mafuta mwaka 1968, ikaja barabara ya lami, ikaja TAZARA iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Palipokutana reli, lami na njia ya Songea ndipo penu. Bila Ian Smith, kiongozi wa walowezi hao, pengine ungezaliwa kijiji kingine.

Katika miaka hiyohiyo watu walihamishwa. Azimio la Arusha la 1967 lilikuta kule Ismani, kaskazini ya Iringa mjini, wakulima weusi waliokuwa na matrekta na maelfu ya magunia ya mahindi, na vibarua wasiokuwa na kitu. Siku ya Krismasi 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, shambani kwake, Mwamwindi akanyongwa. Mpaka leo ukiwa na wazee wa Ismani chagua maneno. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, 1973 mpaka 1976: watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mji na shamba lake na makaburi yake, wakakusanywa kandokando ya barabara. Walipata shule, kisima, zahanati. Walipoteza mahame. Uliza ukoo wenu umezika wapi waliokufa kabla ya 1974, utaona mzee ananyoosha kidole kwenye msitu wa misonobari na miwati.

Elimu ya msingi kwa wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974, naiweka karibu na kodi kwa uzito, kwa sababu ilimgusa msichana. Kodi ilimtoa kijana wa kiume. Mama alibaki na jembe, watoto na baba mkwe. Vizazi viwili vya wanawake wa Ubena na Ukinga waliendesha miji yenye waume wa barua. Walijifunza kuuza: kwanza pombe, kisha viazi, kisha chochote. Mkinga wa leo mwenye duka Kariakoo au Mwanjelwa ana bibi aliyeshuka Makete kwa miguu na mzigo kichwani. Sheria ya Ndoa ya 1971 na ile ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 zilimpa mwanamke haki kwenye karatasi, ya kwanza kwenye ndoa na ya pili kwenye shamba. Utekelezaji ni safari; nenda kakae baraza la kata siku moja utaona. Lakini naomba unijibu: katika kikao chenu nani alishika daftari? Kama ni shangazi, basi hilo ni geuzi kubwa kuliko fedha zote zilizotajwa.

Kuna upande usiofurahisha. Milima hii bado inatoa watu. Zamani manamba walikuwa wavulana; baadaye wakawa wasichana wa Iringa, Njombe na Makete wanaopelekwa Dar kufanya kazi za ndani, wengine wakiwa na miaka ambayo sitaki kuiandika. Njia ni ileile, na maneno ya anayewachukua ni yaleyale. Na Njombe ina kiwango cha juu cha VVU kuliko mkoa mwingine wowote, asilimia 12.7 ya watu wazima kwenye utafiti wa 2022 na 2023 wakati taifa ni 4.4. Sababu zake ni nyingi, ila uhamaji wa kutafuta mshahara, mtu huku na mwenzake kule, hauwezi kuachwa nje. Haya ndiyo malipo ambayo babu anayahisi bila kuyataja anaposema tumevurugwa. Kwa hili namuunga mkono.

Ile kodi yenyewe, ikiwa na majina tofauti na mapumziko yake, ilituandama mpaka mwaka 2003 ilipofutwa kodi ya maendeleo. Siku yake moja ninayo. Ilikuwa miaka ya 1990, gulio la kijiji nilichokuwa nikifundisha. Mgambo wamekaza kamba njiani, asiye na risiti anawekwa pembeni kwenye jua. Bwana mmoja alikuja na kuku wawili, mmoja kila mkono. Alipoiona kamba aliwaachia wote wawili akaruka mfereji akapotelea kwenye mahindi. Watu walicheka, nami nilicheka. Baadaye usiku nikakumbuka mfuko wa koti la babu yangu. Kuku wale, kama unataka kujua, waliliwa na walioshika kamba.

Limebaki jembe. Hili ndilo kongwe kuliko yote kwenye orodha, na hapa nadhani babu yako na wakwe zako wote wana haki bila kujijua. Wakinga walikuwa wakiyeyusha chuma milimani kwao muda mrefu kabla ya Mjerumani, wakafua majembe, wakayashusha Unyakyusa wakabadilisha kwa chakula. Jembe lile nimewahi kulishika: ubapa mpana wenye umbo la moyo, na mkia mrefu wa chuma uliochongoka unaopenya kwenye kichwa cha mpini. Halina tundu kama la dukani. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo jembe halikuwa la kulimia tu, lilikuwa akiba, lilikuwa mahari, lilikuwa malipo. Kwa maneno mengine lilikuwa fedha. Majembe ya kiwandani yalipofurika kutoka Ulaya, tanuri za Ukinga zikazimika, likabaki la kulimia na la kuandikwa kwenye orodha.

Kwa hiyo wakwe wakisema jembe ligeuzwe fedha, hawajavunja mila sana kama babu anavyodhani. Na babu akisema lisigeuzwe, anashikilia kitu ambacho mababu wa wakwe hao walikipata kwa kutoa chakula chao kwa watu wa milimani. Mimi ningeshauri hivi: ng'ombe walipwe kwa shilingi, maana sioni mtakapowafunga Makambako. Jembe liletwe lenyewe, na mpini wake. Mwambie mchumba wako asinunue la dukani Mbeya haraka haraka. Aanze kwa mabibi zake Kyela, aulize darini. Yale ya mkia wa chuma bado yapo kwenye nyumba chache, yamekula kutu, watu wanayatumia kuegemezea mlango. Akilipata asilipake rangi.